Nani Aipe Jina Bunduki ya Kalunde?

Hapo zamani, wakati magobori yalipokuwa yameanza kuchoka, na bunduki zinazokunjwa katikati zilipokuwa zimeanza kutundikwa madukani, palikuwa na kijiji kiitwacho Itumbilo. Upande mmoja mashamba, upande mwingine msitu wa miombo, na katikati korongo refu lenye vichaka.

Watu wa Itumbilo walilima karanga na kunde. Lakini walilima kwa ajili ya walaji wasiolijua jembe. Asubuhi walishuka kanga, makundi kwa makundi, wakafukua mbegu za karanga ardhini. Jioni pongo, swala wa vichakani, walipanda kutoka korongoni, wakala majani ya kunde mpaka kwenye shina. Watu wakapanda, kanga wakafukua. Watu wakapanda tena, kanga wakafukua tena. Kunde zikachipua, pongo wakazimaliza. Mbegu za kupanda mara ya tatu zilikuwapo, lakini za kupanda mara ya nne hazikuwapo. Wengine walikwisha kufunga mizigo yao na kuhamia kwa shemeji zao.

Zamani kijiji kilikuwa na mwindaji, Mihambo. Mihambo akafa kwa homa, na gobori lake likapasuka mtutu. Tangu hapo kanga walitembea mashambani kama kuku wa kufugwa.

Mtemi akawaita watu. Wakakubaliana kukusanya nta na asali yao yote, waibadilishe mjini kwa bunduki ya marisau, zile punje za risasi zinazotoka nyingi kwa mlio mmoja. Moja tu, maana nta haikutosha mbili. Bunduki moja, na kazi mbili: iwaangushe kanga, na imwangushe pongo.

"Na nani ataishika?" Mtemi akauliza.

"Kalunde binti Mihambo," watu wakasema.

Mzee mmoja akaguna nyuma. "Mwanamke?"

Mtemi akageuka. "Wewe unaweza kunionyesha pongo alilala wapi jana?"

Mzee akarudi kukaa, na Mtemi akaendelea.

"Kalunde anaweza. Alimfuata baba yake msituni tangu hajaota meno ya mbele. Basi sikilizeni. Bunduki ya kijiji hupewa jina. Siku itakapoleta kanga na kuleta pongo, yule ambaye kwa kazi yake jambo hili limewezekana, huyo mmoja, ndiye atakayeipa jina. Ataitunza. Atapokea ngozi na paja la kila windo. Na siku Kalunde atakapochoka, yeye ndiye atakayesema nani aishike baada yake."

Mmesikia hapo? Si jina tu. Mwenye jina ndiye mwenye neno.

Kalunde akaenda mjini pamoja na mjomba wake, Misigalo. Misigalo alikuwa ndugu wa mama yake, mwindaji hodari wa siku zilizopita. Nyati alimvunja goti, akawa anatembea kwa mkongojo, na tangu hapo ulimi wake ndio uliokuwa ukikimbia badala ya miguu.

Dukani kwa Bwana Khalfani kulitundikwa bunduki tatu.

Ya kwanza ilikuwa na mitutu miwili, nzito, imechorwa maua ya fedha ubavuni. Kalunde alipoiona, moyo wake ukaondoka.

"Mjomba, hii."

"Ishike."

"Nimeishika."

"Lenga kitasa cha ule mlango. Usishushe mpaka nikuambie."

Kalunde akalenga. Misigalo akaomba maji. Akayanywa polepole. Akamuuliza Bwana Khalfani habari za nyumbani, habari za wake, habari za punda. Mtutu ukaanza kucheza. Misigalo akauliza habari za mvua. Mtutu ukashuka mpaka kizingitini.

"Pongo anaweza kusimama akikutazama kwa muda mrefu kuliko huo," Misigalo akasema. "Irudishe."

Ya pili ilikuwa nyembamba, nyepesi kama mwiko. Kalunde akaiinua kwa mkono mmoja akacheka.

"Hii hainichoshi, mjomba."

"Haikuchoshi, ni kweli. Kwa kanga ni nzuri sana. Lakini marisau inayoyabeba hayajazi kiganja. Ukimpiga pongo nayo utamtoboa tu. Atakimbia akafie kichakani baada ya siku nyingi za maumivu, na watakaokushukuru ni fisi. Irudishe."

Ya tatu ilikuwa na mtutu mmoja, unene wa katikati. Kitako chake kilikuwa cha mti mweusi uliokwaruzika. Haikuwa na ua hata moja.

"Fumba macho," Misigalo akasema. "Ilete begani kama uliyemwona ndege. Sasa fumbua. Unaona nini?"

"Naona kile kinundu cha shaba mwisho wa mtutu."

"Na nini tena?"

"Kinundu na mlango."

"Huoni dari? Huoni mgongo wa bunduki?"

"Sioni."

"Basi hiyo imekubali shavu lako na mkono wako. Inameza marisau madogo ya kanga, inameza marisau makubwa ya pongo. Tunachukua hiyo."

Kalunde akanuna. "Mjomba, watu wametoa nta yao yote, nasi turudi na kitu kama mchi?"

Bwana Khalfani akacheka. "Mama, wengi hununua ile yenye maua. Mwezi haupiti, wanairudisha niwauzie wengine. Lakini hata hiyo msiichukue hivi hivi. Nendeni nyuma ya duka mkaijaribu."

Misigalo akapiga mkongojo chini. "Mimi naijua bunduki kwa macho. Tufungie."

Wakafungiwa, na mfuko wa risasi juu yake, wakarudi Itumbilo.

Kesho yake watu wakaja kutazama. Kalunde akaweka kibuyu juu ya kisiki, akarudi nyuma, akalenga, akavuta. Bunduki ikalia, moshi ukatanda, kibuyu kikabaki pale pale. Akaweka risasi nyingine, akavuta. Kibuyu hakikutikisika. Bega likaanza kuuma. Watu wakaanza kutazamana, na mmoja akasikika akisema nta yake ilikuwa nzuri sana.

"Ni macho yako," Misigalo akasema.

"Ni bunduki yako," Kalunde akamjibu.

Na mjomba na mpwa wake, waliopendana tangu zamani, wakaachana pale bila kuagana.

Sasa Kalunde alikuwa na wifi, Nyamizi, dada wa mume wake. Nyamizi alikuwa mfinyanzi wa vyungu, akiishi peke yake karibu na tanuri lake, na hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Jioni ile alimkuta Kalunde amekaa kizingitini, amejifunga kitambaa cha maji ya moto begani.

"Wifi, yale marisau yalikwenda wapi?" Nyamizi akauliza.

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa?"

"Basi tuyaulize yenyewe."

Asubuhi Nyamizi akachukua mkeka mkuukuu, akaupaka udongo mbichi wa kufinyangia, akausimamisha kwenye kichuguu. Katikati akabandika ganda la yai. "Piga hapo."

Kalunde akapiga. Wakaenda kutazama. Udongo ulikuwa umejaa matundu, na matundu yote yalikuwa mkono wa kushoto. Ganda la yai lilikuwa zima.

"Unaona?" Nyamizi akasema. "Macho yako hayana kosa. Bunduki yako inatupa kushoto. Sasa lenga kulia kidogo."

Kalunde akalenga kulia kidogo. Ganda la yai likapotea.

Nyamizi hakuridhika. Akapaka udongo tena, akamrudisha Kalunde nyuma, akampigisha. Akamrudisha nyuma zaidi, akampigisha. Mara ya mwisho akaweka viganja vyake viwili kwenye udongo, katikati ya matundu, wala hakugusa tundu hata moja. "Kwa umbali huu kanga anapita ndani ya marisau yako bila kupoteza unyoya. Kutoka kwenye kinu chako mpaka ghalani kwako, huo ndio mwisho wa bunduki hii. Zaidi ya hapo usipige, hata mnyama akikuita kwa jina."

Kisha akafanya jambo jingine. Alitia kwa siri ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, akampa Kalunde bunduki. Kalunde akalenga, akavuta. Bunduki ikasema *ta*, basi. Lakini mtutu ulikuwa umeruka chini, na macho ya Kalunde yalikuwa yamefumbwa.

Nyamizi akacheka mpaka akakaa. "Wifi! Unaipigia magoti kabla haijakusalimu!"

Kalunde akaona haya, kisha naye akacheka. Wakarudia. Mara risasi nzima, mara ganda tupu, bila Kalunde kujua lipi ni lipi, mpaka mtutu ukatulia na macho yakabaki wazi.

Misigalo akapita, akachungulia kwenye mfuko wa risasi. Karibu aangushe mkongojo. "Mmemaliza risasi? Mmeupiga mkeka mpaka umekufa, na kanga wanakula!"

Na kweli, zilizobaki zilikuwa chache. Za marisau madogo zilikuwapo kidogo. Za marisau makubwa zilikuwa mbili, na moja kati yake maji yalikwisha kuiingia.

Watu wakapanda mbegu za mwisho. Alfajiri ya siku iliyofuata Kalunde akaingia shambani na mume wake, Mgalula. Kwa ajili ya binti yao Kabula, Kalunde alimwita mumewe Baba Kabula, naye Mgalula alimwita mkewe Mama Kabula. Mgalula hakuwa mwindaji, lakini alikuwa na miguu myepesi na macho makali. Kazi yake ilikuwa moja.

"Kabla sijavuta," Kalunde alimwambia, "wewe unazunguka unatazama nyuma ya windo. Ukipunga mkono, nyuma hakuna mtu. Usipopunga, sivuti."

"Nimesikia, Mama Kabula."

Kanga wakashuka, wanafukua, wanasemezana. Mgalula akazunguka pembezoni mwa shamba, akatazama, akapunga mkono. Kalunde hakuharakisha. Akawaacha wasogee mpaka wakawa karibu kuliko kinu na ghala. Akawaacha wasongamane kwenye tuta moja. Akalenga kulia kidogo, akavuta. Kanga wakaruka kwa makelele, lakini watano wakabaki chini.

Jamani, furaha! Mgalula aliruka kama mtoto. Akawaokota, akawafunga miguu kwa kamba ya mti, akawatundika begani. "Bado pongo!" akasema. "Tumebakiza pongo tu!"

Wakashinda ukingoni mwa korongo. Mawingu yakatanda, manyunyu yakapita. Alasiri, wakati Mgalula ameinama kijitoni anaosha kanga wake, Kalunde akamwona. Pongo dume, mwekundu, mwenye madoa meupe ubavuni, amesimama mbele ya kichaka anatafuna. Karibu. Ubavu wote wazi. Kalunde akafungua bunduki taratibu, akatoa marisau madogo, akatia risasi nzima ya marisau makubwa. Akaifunga bila sauti. Akamtazama mume wake.

Mgalula akanyanyua kichwa. Akamwona pongo, akaona mtutu umekwisha kupanda, akaona windo la kijiji kizima limesimama pale. Akapunga mkono.

Hakuzunguka. Alipunga tu, kanga wakining'inia.

Kalunde akaweka shavu kwenye kitako. Kidole kikagusa kifyatulio. Na papo hapo Mgalula, mkono wake ungali juu, akaona kitu cheusi kinainuka nyuma ya kichaka, sawasawa na ubavu wa pongo. Si kivuli. Kaniki, nguo ya mtu.

"Mama Kabula, acha! Mtu! Acha!"

Pongo akaruka, akatokomea korongoni. Kutoka nyuma ya kichaka akatoka Bi Kasele, mama mtu mzima wa nyumba ya tatu kutoka kwao, na ungo wa uyoga kichwani.

"Mbona mnanipigia kelele?" akasema. "Kwani uyoga huu ni wa baba yenu?"

Kalunde alikuwa amekaa chini. Alifungua bunduki, akaitoa risasi, akaiweka kwenye majani. Mgalula akasimama mbele yake na kanga wake watano.

"Mama Kabula..."

"Ulizunguka?"

"Nili..."

"Nakuuliza, ulizunguka?"

"Sikuzunguka."

Bi Kasele naye akaelewa, akatua ungo, akakaa kando ya Kalunde, akamshika mgongo. Wakakaa hivyo, wanawake wawili, bega kwa bega. Kisha Kalunde akaokota risasi, akasimama.

"Baba Kabula, mpeleke Bi Kasele nyumbani. Usinifuate."

Akashuka korongoni peke yake. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi, na nyayo zilikuwa mpya, ukwato mmoja una pengo. Akazifuata. Zikaingia kwenye matete, akaingia. Zikapanda kwenye mawe, zikapotea. Akaizunguka ile sehemu ya mawe mpaka akaziona upande wa pili. Jua likaanza kuegemea.

Akamwona tena, ng'ambo ya korongo, amesimama kimya. Ubavu wazi kabisa. Lakini palikuwa mbali. Palikuwa mbali kuliko kinu na ghala. Risasi ya kuaminika ilikuwa moja, mwanga ulikuwa unapungua, na huko kijijini mbegu za mwisho zilikuwa ardhini. Mtu mwingine angevuta. Kalunde hakuvuta.

Alivua viatu vyake vya ngozi. Akateremka kwa tumbo. Siafu wakampata mapajani, akauma mdomo, akaendelea. Alipotokea upande wa pili, pongo alikuwa mbele yake, na nyuma ya pongo hapakuwa na kichaka. Palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, mtupu. Alitazama mara mbili. Hakungoja mkono wa mtu. Akainuka, bunduki ikaja begani, akaona kinundu cha shaba na ubavu wa pongo. Akasogeza kulia kidogo. Akavuta, macho wazi.

Pongo hakupiga hatua. Alianguka pale alipokuwa amesimama.

Usiku ule Itumbilo walikula nyama na kuimba. Na siku zilizofuata Kalunde aliwavizia kanga kwa zile risasi chache zilizobaki, mpaka wale waliobaki wakahamia ng'ambo ya korongo. Pongo hawakupanda tena kutoka korongoni. Karanga zikachipua mistari mizima, na waliokuwa wamehamia kwa shemeji zao wakaanza kurudi na mizigo yao, wanasalimia kwa sauti kubwa kana kwamba hawakuondoka.

Ndipo Mtemi akawaita watu uwanjani. Bunduki ikaegemezwa ukutani, ngozi ya pongo imetandikwa chini yake.

"Imeleta kanga, imeleta pongo," Mtemi akasema. "Anayedai kuipa jina aseme."

Misigalo akasimama wa kwanza, mkongojo mkononi.

"Mtemi, pasipo mimi msingekuwa na bunduki ya kuipa jina. Binti huyu nampenda kama mwanangu, lakini jicho lake lilikuwa kwenye maua ya fedha. Tungekuja na ile nzito, ingemshinda mikono. Tungekuja na ile nyepesi, pongo angekufa kichakani na fisi wangekula. Nilichagua moja inayofanya kazi mbili, na inayomkubali yeye. Wengine wote walianza kazi baada yangu. Mimi ningekosea, wao wasingekuwa na pa kuanzia."

"Ilitupa kushoto, mjomba," Nyamizi akasema kutoka alipokaa. "Uliambiwa uijaribu nyuma ya duka. Ukasema unaijua kwa macho."

Watu wakacheka. Misigalo naye akatabasamu, lakini hakukaa. "Bunduki inayotupa kushoto inafundishika. Bunduki isiyoinulika haifundishiki."

Nyamizi akasimama, mikono yake ingali na udongo.

"Mtemi, pasipo mimi bunduki hii ingekuwa inatisha vibuyu tu, na vibuyu vyenyewe havikutishika. Mliona wote. Mliguna wote. Mjomba alisema ni macho, wifi akasema ni bunduki, wakanuniana. Nani aliyekwenda kuuliza marisau yenyewe? Nilimwonyesha inatupa wapi. Nilimwonyesha mwisho wake ni wapi. Nilimtoa hofu ya kufumba macho. Kanga watano na pongo mmoja walianguka kwa sababu ya mkeka wangu."

"Ukambakizia risasi moja!" Misigalo akapaza sauti. "Angeikosa ile moja, leo tungekuwa tunalia hapa!"

"Na hakuikosa," Nyamizi akasema. "Jiulize kwa nini."

Kisha akasimama Mgalula. Watu wote wakamgeukia, maana habari ya Bi Kasele ilikwisha kuenea.

"Mtemi, pasipo mimi bunduki hii ingekwisha kuwa na jina. Ingeitwa Kasele, na hakuna mtu hapa ambaye angetaka kuigusa."

"Wewe ndiye uliyepunga mkono!" mtu akapaza sauti.

"Mimi ndiye niliyepunga. Sijifichi. Nilitamani nyama, nikapunga bila kuzunguka, na jambo hilo nitazeeka nalo. Lakini mtu mwenye haya angenyamaza, aombe Mungu kile cheusi kiwe kivuli. Mimi nilipiga kelele, nikampoteza pongo wa kijiji kizima mbele ya mke wangu. Ninyi mnahesabu vilivyoanguka. Mimi nawaambia hesabuni na aliyesimama."

Bi Kasele akainua mkono. "Mimi sijui aliyepunga wala asiyepunga," akasema. "Najua tu kwamba nimekaa hapa na jana nimekula ugali."

Mtemi akamgeukia Kalunde. "Nawe, mwindaji?"

Kalunde akasimama. Hakuinua sauti.

"Mtemi, mjomba alinichagulia, na alichagua vizuri, nilinuna nami nilikuwa na kosa. Wifi alinifundisha, na kila alichonifundisha nilikitumia. Baba Kabula alinizuia, na kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini, ingawa ni yeye aliyenipa ishara. Lakini mnaponihesabu mimi kama mkono tu wa kuvutia, hapo nakataa. Korongoni hakuwapo mjomba, hakuwapo wifi, na Baba Kabula nilimrudisha nyumbani. Pongo alisimama mbali, ubavu wazi, njaa yenu yote ikinisukuma kidole. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijishika mwenyewe. Nilitambaa, nikatazama nyuma yake kwa macho yangu, nikavuta mara moja. Bunduki niliyoibeba hivyo nataka niipe jina mimi, na niseme mimi atakayeishika baada yangu."

Mgalula akamtazama mke wake. Kalunde naye akamtazama. Wangelala nyumba moja usiku ule, bunduki ikiwa yao au si yao, na wote wawili walijua kwamba neno juu yake haliwezi kuwa na wenyewe wawili.

Mtemi akatazama bunduki, akatazama ngozi, akawatazama wale wanne. "Wote wamesema kweli," akasema. "Hilo ndilo linalonitesa."

Watu wakagawanyika. Waliotoa nta nyingi wakasimama na Misigalo. Wanawake wengi wakasimama na Nyamizi, lakini si wote. Ndugu wa Bi Kasele wakasimama na Mgalula, na waliobaki wakamzunguka Kalunde. Mtemi akahesabu kwa macho, hakuona upande uliozidi mwingine. Basi akasema neno hilo lisemwe na watu wasio na ndugu pale, wala nta, wala shamba.

Watu hao ni ninyi mlioketi hapa. Msinijibu kwamba wote, maana jina ni moja. Msinijibu kwamba Mtemi aipe mwenyewe, maana Mtemi hakufanya kazi yoyote kati ya hizo. Aliyechagua, aliyefundisha, aliyezuia, au aliyevuta?

Je, nani alistahili kuipa jina bunduki ile?